RADIO YAKO INASEMA UONGO? TAFUTA MUONGO, UMUFUNGE KINYWA



Saa moja ya jioni, pale Kadutu. Baba amerudi toka kazi, mama amepakua chakula, watoto wamenyamaza. Radio inafunguliwa juu ya habari. Kumbe, mahali pa habari, inatoka filimbi: fiiiiii! Unasogeza sindano kidogo, filimbi inafuata. Unasogeza tena, unasikia kituo kile kile ulichokiacha upande mwingine. Nyuma yake kuna ngurumo kama ya mafuta yanayokaangwa. Baba anapiga radio kofi. Mama anasema: «Hii imezeeka, tuiuze.»

Mbele ya kuiuza, ngoja kidogo. Mara nyingi radio haikuzeeka. Inasema uongo tu. Na kila uongo una baba na mama yake: ukimjua anayeuleta, unaweza kuupunguza, na mara nyingi bila kutoa franga nyingi.

Usifikiri haya ni mambo ya mchezo. Hapa kwetu radio si chombo cha kucheza muziki peke yake. Mwaka 1994, wakimbizi walipojaa mipakani, Radio Agatashya ilianza kusema toka Bukavu ili watu watafutane na wajue ukweli. Radio Maendeleo ilianza mwaka 1993, na Radio Okapi ilifunguliwa tarehe 25 Februari 2002. Vita ilipofika Bukavu mwaka 1996, kisha mwaka 2004, kisha tena Februari 2025, watu walifunga milango, wakalala chini, wakaweka radio karibu na sikio. Siku kama hiyo, neno moja lililofunikwa na filimbi linaweza kumpeleka mtu kwenye njia mbaya.

FONI YA SAA SITA

Wasomaji wetu wa migodini wanajua foni, ile radio ya mawimbi mafupi ya kusema na kujibu. Mbele ya simu za mkono kufika, misheni, hospitali na makambi ya madini katikati ya pori yalisikilizana kwa foni. Ndege ndogo ya Shabunda ao ya Lulingu iliitwa kwa foni. Hata leo, pahali ambapo simu haishiki, foni bado inafanya kazi.

Nataka nikuelezee jambo nililoliona kwa macho yangu. Hospitali moja ndogo ya porini (jina lake tuliache) ilikuwa na foni nzuri. Saa moja ya asubuhi, walisikilizana na Bukavu bila shida. Lakini saa sita na nusu, saa ya pili ya kuitana, walisikia paka ngurumo. Munganga alikuwa anaeleza hivi: «Saa sita mawimbi yanakufa, sababu ya jua.» Watu walizoea, hakuna aliyeuliza tena.

Siku moja mama mmoja alifika akibebwa kwa kipoyi, mtoto amekwama. Waliita saa sita na nusu. Bukavu iliwasikia, lakini wao hawakusikia jibu. Jibu lilikuwa linauliza damu ya mama ni ya kundi gani na kiwanja cha ndege kiko namna gani. Walingoja mpaka saa kumi na moja ya jioni. Asubuhi ya kesho yake ndege ilikuja. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Siwezi kukuambia kwamba jibu lingesikika saa sita, mtoto angekuwa hai. Hakuna anayeweza. Lakini wiki iliyofuata, katekista mmoja anayejua kutengeneza radio alipita pale. Aliketi karibu na foni saa sita, akasikiliza, hakusema kitu. Kisha alipanda juu ya nyumba, akafunika pano ya jua kwa blanketi. Ngurumo ikazima pale pale, kama mtu amefunga mlango. Akaondoa blanketi: ngurumo ikarudi.

Muongo alikuwa nani? Si jua lenyewe. Alikuwa kile kisanduku kidogo kinachopima umeme wa jua mbele ya kuingia kwenye batri. Ndani yake umeme unakatwa na kufungwa maelfu ya mara kwa sekunde moja, na jua likiwa kali, kinakata kwa nguvu. Kila kukata kunatupa mawimbi hewani, na waya wa pano unakuwa antena ya kuyatangaza. Munganga hakudanganya kabisa: ni kweli saa sita mawimbi ya chini, ya karibu 3 mpaka 5 MHz, yanadhoofika sababu jua linageuza tabaka za juu za hewa. Lakini sauti ile dhaifu bado ilikuwa inafika. Ngurumo ya kisanduku ndiyo iliyokuwa inaimeza.

Dawa ya kwanza haikuomba hata franga moja: saa ya foni ikifika, kata waya wa pano kwa dakika kumi na tano, kisha urudishe. Angalia vizuri: kata upande wa pano, si upande wa batri, usije ukaharibu kisanduku.

UONGO UNATOKA WAPI?

Watu wa radio-amateri, wale wanaosikilizana dunia nzima kwa kupenda kazi hiyo tu (alama za Kongo kwao zinaanza na 9Q), wanajua shida hii toka zamani. Wana hata majina mafupi: QRN ni makelele ya hewa na radi, QRM ni fujo linalotoka kwa watu na vituo vingine. Lakini kuna aina ya tatu, yenye kudanganya zaidi: sauti inayozaliwa ndani ya radio yenyewe.

Ili uelewe, inafaa ujue kidogo namna radio inafanya kazi. Mwaka 1918, Mmarekani Edwin Armstrong, askari aliyekuwa Paris wakati wa vita ya kwanza ya dunia, alitafuta namna ya kusikia mawimbi dhaifu. Alifanya hivi: ndani ya radio kuna mashine ndogo inayopiga wimbi lake yenyewe, tuiite osileta. Wimbi hilo linachanganywa na wimbi la kituo, na tofauti yao inakuwa masafa yale yale kila wakati. Katika radio nyingi za nyumbani masafa hayo ya kati ni 455 kHz. Redio karibu zote zilifuata njia hiyo miaka mingi.

Njia ni nzuri, lakini ina matundu matatu.

Tundu la kwanza: KIVULI. Tuseme umeweka sindano kwenye 14490 kHz. Osileta inapiga 14945. Tofauti ni 455, sawa. Lakini kituo chenye nguvu kilicho kwenye 15400 kHz nacho kina tofauti ya 455 na osileta, upande wa juu! Radio ya bei ndogo haiwezi kuwatenga. Kwa hiyo unasikia kituo cha 15400 mahali asipoishi, 910 kHz chini yake. Ukisikia kituo kimoja fasi mbili, pima umbali wao: ikiwa ni 910, umeshika kivuli. Foni nyingi mpya zinapandisha wimbi juu sana kwanza, ndiyo sababu kivuli chao kinaangukia mbali, pahali kinapoweza kuzuiwa.

Tundu la pili: MCHANGANYIKO. Ukikaa karibu na nguzo za vituo viwili vyenye nguvu, radio yako inashiba kupita kiasi. Inaanza kuwachanganya. Tuseme kimoja kiko kwenye 95 MHz na kingine kwenye 98. Utasikia fujo kwenye 92 na kwenye 101, maneno ya wote wawili yakipandana. Hesabu yake ni rahisi: mara mbili ya mmoja, toa mwingine. Pale hapana kituo. Ni radio yako imelewa.

Tundu la tatu: FILIMBI YA NYUMBANI. Osileta, saa ya namba, kioo cha kuonyesha masafa, vyote vinapiga mawimbi, na radio inajisikia yenyewe. Hata yale masafa ya kati yana watoto: 455 mara mbili ni 910, mara tatu ni 1365 kHz. Kwenye mawimbi ya wastani, sindano ikifika karibu na 910 ao 1365, redio nyingi zinapiga filimbi inayogeuka sauti ukisogeza. Wazungu wanaita filimbi hizi ndege wadogo, sababu zinalia kama ndege.

MAJARIBIO MATATU MBELE YA KUITA FUNDI

Usianze kwa kufungua radio na bisibisi. Anza na mikono mitupu.

1. Toa waya wa umeme, weka mabatri ndani. Fujo likiisha, lilikuwa linaingia kwa waya wa umeme. Likibaki, endelea.

2. Kama radio ina antena ya nje, itoe. Filimbi ikibaki na nguvu ile ile, imezaliwa ndani ya radio. Ikitoweka pamoja na vituo, inatoka nje. Jaribio hili peke yake linakuonyesha nusu ya njia.

3. Punguza nguvu ya antena. Redio nyingi zina kibonye kidogo cha «DX» na «Local». Foni ina kibonye cha kupunguza. Kituo cha kweli kitashuka kwa kiasi kile kile ulichopunguza. Mchanganyiko unashuka mara tatu zaidi: ukipunguza kidogo, unaanguka kabisa. Mtu wa kweli anabaki amesimama, hata akisema polepole. Muongo anakimbia.

Fanya majaribio haya kwa mpango, moja kisha lingine, na uandike. Ukigeuza mambo mawili pamoja, hutajua ni lipi lililoponyesha.

KUMFUATA MUONGO MPAKA KWAKE

Tuseme umejua kwamba fujo linatoka nje ya radio. Sasa inafaa kujua ni nyumbani kwako ao kwa jirani.

Washa radio ya mabatri, kisha zima umeme wa nyumba yote kule kwenye mita. Fujo likikoma, muongo anakula kwenye meza yako. Rudisha umeme, washa kitu kimoja kimoja: ampuli za LED, televizyo, kifaa cha kuchajia simu, konvertisa ya batri. Vile vifaa vidogo vya kuchajia vinavyouzwa bei ndogo sokoni ni waongo wakubwa, sababu mtengenezaji ametoa sehemu za kuzuia fujo ili auze rahisi. Hata kama simu haiko juu yake, kikiwa kwenye prizi kinaweza kulia.

Kama umezima yote na fujo liko, toka nje na radio ndogo ya mfukoni. Iweke kwenye mawimbi ya wastani, pahali pasipo kituo. Ndani yake kuna kijiti cheusi chenye kuzungushiwa waya. Ndicho antena yake. Zungusha radio polepole kama mtu anayetafuta njia. Itafika pahali ambapo fujo linapungua sana: hapo ncha ya kijiti inaelekea kwa muongo, ao imemgeuzia mgongo. Weka alama. Nenda mita hamsini upande mwingine, fanya tena. Mistari miwili itakutana pahali fulani. Tembea kuelekea huko, fujo litaongezeka. Jihadhari tu: ukitembea chini ya waya za umeme, fujo linafuata waya na linaweza kukudanganya.

Kule migodini, kwa mfano Kamituga, sikiliza pia mashine za kusaga mawe na majenereta. Mota ya esansi ina buji inayopiga cheche. Utasikia taka-taka-taka inayoongezeka mwendo pamoja na mota. Mota ya mazutu haina buji, basi ukisikia fujo kwake, tazama kwenye sehemu ya kutoa umeme. Cheche ya mashine ya kusudeya inasikika kama karatasi inayopasuliwa.

Na zile nguzo? Umeme wetu wa mabwawa ya Ruzizi, la kwanza la mwisho wa miaka ya 1950 na la pili la mwaka 1989, unapita milima mingi mbele ya kufika kwako. Kikombe cha nguzo kikipasuka ao kikijaa vumbi, umeme unavuja na kunguruma siku ya ukavu ao ya ukungu. Ukifika kwenye nguzo ya namna hiyo, SIMAMA. Usiipige, usiitikise, usimtume mtoto kupanda. Andika pahali ilipo, upeleke habari kwa watu wa SNEL.

NAMNA YA KUPUNGUZA

Juu ya fujo la waya: tafuta pete nyeusi ya feraiti. Inapatikana bure kwenye vifaa vilivyokufa. Ile nundu ngumu kwenye waya wa kompyuta ya zamani ni feraiti. Pitisha waya wa kifaa kibaya ndani ya pete mara nane mpaka kumi na mbili, karibu sana na kifaa. Kupitisha mara moja tu hakusaidii sana kwenye mawimbi mafupi.

Juu ya antena: fujo la nyumba linakaa nyumbani. Peleka antena mbali, mita kumi ao zaidi, na usiiweke sambamba na waya za umeme. Ikate njia yao kama msalaba. Mtu anayesikiliza karibu na 7100 kHz anahitaji waya wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati, mita 10 kila upande, na waya wenye ngozi ya chuma wa kushuka mpaka ndani.

Juu ya mchanganyiko: usiongeze antena, ipunguze! Watu wengi wanakosea hapa. Radio ndogo ikifungwa na waya mrefu sana inalewa, na unasikia vituo hamsini vya uongo. Fupisha waya, ao tumia kile kibonye cha «Local».

Juu ya kivuli: fundi anaweza kuweka mlango kati ya antena na radio, ni koili na kondensa ya kuzungusha. Mlango huo unafungua masafa unayotaka tu, na kufunga mengine.

Juu ya filimbi ya ndani: hapa inafaa kusema ukweli, haiishi yote. Sanduku la chuma na waya mzuri wa udongo vinasaidia. Lakini mara nyingi dawa ni kuijua. Andika kwenye daftari: «Hapa kuna filimbi, si kituo.» Ukiijua, haikudanganyi tena.

KUSEMA NA JIRANI

Muongo akipatikana kwa jirani, usiende na hasira. Usiseme: «Konvertisa yako inaniharibia radio!» Atafunga mlango. Chukua radio yako mkononi, ubishe hodi.

«Papa, samahani. Radio yangu iko inalia, sijui fasi inatoka. Naomba tujaribu pamoja.»

«Tujaribu namna gani, yaya?»

«Muzime kidogo ile ampuli ya pale… Munasikia? Imenyamaza. Muwashe tena.»

«Aa! Kumbe ni yangu! Hata radio yetu inalia vile vile, tulifikiri ni mabatri.»

Mara nyingi ndivyo inavyoisha. Yeye naye alikuwa anateseka bila kujua. Akisikia kwa masikio yake mwenyewe, hakuna mabishano. Kisha mupe pete ya feraiti, umuonyeshe namna ya kuizungushia.

RADI HAINA UONGO

Neno la mwisho ni la hatari. Watafiti waliohesabu radi za dunia kwa setelite walitoa orodha mwaka 2016. Ya kwanza ilikuwa ziwa Maracaibo la Venezuela. Ya pili duniani, na ya kwanza Afrika, iliandikwa kwa jina la Kabare, hapa kwetu: zaidi ya mipigo 200 kwa kilometa moja ya mraba kwa mwaka. Kwa hiyo ukisikia kra! kra! kwenye radio na mipigo inakaribiana, huyo si muongo. Anakuambia ukweli. Toa antena ya nje, itupe mbali na nyumba, toa na waya wa umeme. Usingoje mvua ianze. Hakuna feraiti inayozuia radi.

Leo jioni, ndugu msomaji, chukua daftari la mtoto lenye kurasa zilizobaki. Andika saa, masafa, aina ya sauti, na kitu kilichokuwa kinawaka. Fanya siku saba. Utaona fujo lina ratiba yake kama mtu wa kazi: linaamka, linalala. Kule kwenye ile hospitali ya porini, daftari la namna hiyo limefungwa kwa kamba pembeni ya foni. Kwenye ukurasa wa kwanza munganga ameandika kwa herufi kubwa: SAA 12.25, KATA PANO. Na saa sita na nusu, Bukavu inasikika.